Namna Hadi Alivyopata Jina la Mwagilia

Ukishuka Changamwe mwaka huu wa bendera mpya ukamuulizia Hadi Barakat, watu watakunja nyuso kana kwamba umetaja mtu wa Lamu. Sema wamtaka Mwagilia, fundi wa redio, na hata muuza kahawa ataweka deli lake chini akuonyeshe kibanda. Mwenyewe akiitwa hivyo huitika, tena kwa adabu. Wageni hudhani ni jina la ukoo, au kwamba zamani alikuwa na bustani ya mboga. Hakuwahi kupanda hata bamia. Jina hilo alilitunga yeye kwa mdomo wake, akambandika mtu mwingine mbele ya watu, na kwa jinsi ninavyomjua, hakuna kitu alichopata kukitunga kikamgharimu kama hicho.

Hadi ni mtu wa Jomvu Kuu, wa watu wa Jomvu hasa, wale ambao ukikosea salamu watakurudisha mlangoni uanze upya. Kazi aliifunza kisiwani kwa fundi mmoja Mhindi, miaka minane ya kushika taa na kufyonza moshi wa risasi ya kuungia, na aliporudi bara akafungua kibanda karibu na barabara ya Nairobi. Alivaa kanzu safi hata akiwa kazini, penseli nyuma ya sikio, na alikuwa na majivuno. Nayasema haya bila kumwonea. Alikuwa nayo, na wakati ule yalimkaa vizuri.

Majivuno yenyewe yalitokana na redio za magari, ambazo zilikuwa chache na watu walizionea ajabu. Mtu alimwuliza kwa nini sauti hufifia gari likienda, naye Hadi akapata siku yake. Alieleza kwamba sauti hutoka kwenye mlingoti wa stesheni kisiwani, na kila ukienda mbali nayo hupungua nguvu. Kwamba hupenda maji na ardhi ya chumvi, ikichukia nchi kavu yenye mawe. Kwamba kilima huikinga, nyaya za umeme huichafua, na daraja la chuma huimeza ukiwa chini yake. Lakini ukitoka chini ya daraja, hurudi. Alipenda kukaa kiti cha mbele, gari likikaribia daraja la reli, akainua kidole na kusema sasa itazama, kisha akahesabu, na kweli, ikazama na kurudi alipotaka yeye. Ungedhani yeye ndiye aliyeikata.

Basi mwaka wa sitini na moja Yeslam, mfanyabiashara wa mbata, alinunua Pijo mpya ya rangi ya maziwa. Duka lake lilikuwa na baraza ndefu ya simenti ambapo wazee walikutana kila siku baada ya alasiri, na hapo ndipo habari zote za Changamwe zilipopimwa. Siku hizo kila mwenye masikio alitaka kusikia mambo ya Mwambao, huu ukanda wetu wa pwani, kama utabaki chini ya Sultani au utaungana na Kenya, na Yeslam hakutaka habari hizo zimpite akiwa njiani kwenda Mariakani. Akamwita Hadi amtilie redio. Akamwambia jambo moja tu: asimchubulie rangi.

Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa, kosa la heshima iliyopita kiasi. Eriali ya gari, ule ufito wa chuma unaosimama juu ya madigadi, bati linalofunika gurudumu, haifai kukaa juu ya rangi. Shina lake lazima likutane na bati tupu, kwa sababu mwili wa gari ndio ardhi ya redio, na bila ardhi redio huwa kama mtu anayevuta kamba huku miguu imening'inia. Fundi hukwangua rangi kidogo, mahali pa ukubwa wa shilingi, kisha hukaza. Hadi aliyajua haya kama alivyojua Fatiha. Lakini alitaka kumwonyesha tajiri kwamba yeye si fundi wa kukwangua magari ya watu. Akachukua makubadhi yake ya zamani, akakata vipande viwili vya ngozi vya duara, akaviweka juu na chini ya bati ili chuma kisiguse rangi. Ilikuwa katikati ya masika, kila kitu kimelowa. Redio ikaimba kama kinanda. Yeslam akapapasa madigadi yake, akaona haina hata mkwaruzo, akamsifu Hadi barazani mpaka Hadi akaona haya ya kupendeza.

Dereva wa Yeslam aliitwa Erastus, mtu wa bara ya mbali, mtulivu, anakaa Chaani na mkewe Jael. Alikuwa na tabia moja iliyojulikana: kila asubuhi aliliosha gari lile toka juu mpaka chini kabla bosi hajamaliza chai.

Masika yalipokwisha, redio ikaanza vituko. Asubuhi ilisema vizuri. Mchana, jua likishawaka, sauti ilififia kila gari likiacha bandari nyuma, na haikurudi baada ya daraja wala baada ya kilima. Ilibaki mivumo na mrindimo wa injini. Siku moja Yeslam alikuwa amewachukua wazee wawili wa kisiwani, watu wazito, wakisikiliza taarifa ya saa saba. Msomaji akafika kwenye maneno ya Mwambao wenyewe, na walipopita Miritini, kimya. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama redio hii ilinunuliwa mpya. Yeslam hakusahau upole ule.

Hadi aliitwa kesho yake asubuhi, saa mbili. Erastus alikuwa ndiyo kwanza anakamua kitambaa. Hadi akafungua redio, ikasema waziwazi. Akaitoa, akazitazama valvu, zile taa ndogo za ndani, moja moja, hakuna iliyoungua. Akairudisha, ikasema. Alikuja mara tatu, siku tatu, asubuhi zote, na mara zote haikuwa na kasoro. Fundi mwingine angeuliza kuhusu mchana. Hadi akajiuliza kuhusu Erastus.

Alasiri ya siku ya tatu barazani walikuwapo watu watano, Yeslam mmoja wao, na Hadi akiwa wa sita. Erastus alisimama chini, karibu na gari. Hadi akaeleza fikira yake taratibu, kama mtu anayesoma hukumu: kwamba redio iliyo nzima asubuhi ikafa mchana haifi yenyewe. Kwamba huko Chaani kuna watu wenye redio mbovu. Kwamba valvu huweza kutolewa na kurudishwa na mtu mwenye bisibisi na nafasi. Hakumtaja jina, lakini macho ya wote yaliteremka kwenye gari.

Erastus aliomba kusema. "Mzee Hadi, mimi sijafungua hata skrubu moja," alisema. "Lakini nimeangalia hii redio. Nikiosha gari, inasema vizuri. Jua likiwaka, inapotea. Nikimwaga maji pale chini ya eriali, inarudi. Sijui ni kwa nini, lakini nimeona."

Mtu alikuwa amemletea ukweli mkononi, bure. Hadi alitazama waliokaa naye, akaona wanangoja aseme kitu, na kiburi kikamtangulia.

"Redio si mchicha, ndugu yangu, hata iwe yamwagiliwa," akasema.

Baraza ikaangua kicheko. Hadi akaonja kile kicheko, akataka kingine, akawaambia wasimwite tena Erastus, wamwite Mwagilia. Kicheko kikazidi. Ni Yeslam peke yake ambaye hakucheka. Alingoja wanyamaze, kisha akamgeukia Hadi.

"Nambie kweli, mwanangu. Kazi yako ni nzima?"

"Wallahi, kazi yangu haina ila," Hadi alijibu. "Hapa pana mkono wa mtu."

Kiapo ni kiapo. Yeslam alinyosha kiganja, na Erastus akapanda ngazi moja, akauweka ufunguo pembeni mwa vikombe vya kahawa. Alisema tu kwamba amesema kile ameona. Akaondoka kwa miguu kuelekea Chaani, na mmoja wa wazee akamwita kwa lile jina jipya akiwa mgongo wake bado unaonekana.

Dereva mwenye sifa ya kuchokoa mali ya bosi wake hapati usukani tena. Erastus alibisha hodi kila mahali, mwisho akaenda kubeba magunia ya saruji Kilindini. Jina lilimfuata. Lilimkuta sokoni, likamngoja nje ya kanisa Jumapili. Hadi alilisikia mara nyingi akiwa kibandani, likirushwa ng'ambo ya barabara, na siku za mwanzo alitabasamu.

Dereva mpya alikuwa Mwarandu, kijana wa Rabai, mwendeshaji mzuri lakini si mtu wa kuosha gari. Alilipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, ikatosha. Kaskazi ikaingia na ukavu wake, redio ikawa hupotea njiani asubuhi na mchana vilevile. Yeslam akasema yule dereva wa kwanza ameiharibu kabisa, akamtuma Hadi afuatane na Mwarandu mpaka Mariakani, atafute mahali sauti inapopotelea.

Walipopita Miritini adhuhuri iliingia. Hadi akamwomba Mwarandu aweke gari kando ya barabara. Mwarandu akaenda kujisaidia vichakani, redio imeachwa wazi ikivuma kama mzinga wa nyuki. Hadi akachukua birika lake la udhu, akakunja mikono ya kanzu, akaliweka juu ya madigadi ili avue saa. Madigadi ni ya mviringo. Birika likateleza, likapinduka, maji yakatiririka yakazunguka shina la eriali.

Uvumi ukakatika. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya gari, safi, akiimba na udi nyuma yake, kama aliyekuwa amekaa humo muda wote akingoja kufunguliwa mlango.

Hadi alisimama na saa yake mkononi. Hakuhitaji kufikiri. Maneno yalimjia yenyewe, kwa lafudhi ileile ya bara: nikimwaga maji pale chini ya eriali, inarudi. Akachukua spana, akalegeza, akavitoa vipande viwili vya ngozi. Kimoja kilikuwa bado na matundu ya uzi wa makubadhi. Ngozi ile ilikuwa imekunywa jasho la mguu wake miaka na miaka, na jasho ni chumvi. Ikilowa, ilipitisha umeme kidogo, redio ikapata ardhi. Ikikauka, ilifunga njia. Kisiwani karibu na stesheni redio ilivumilia, lakini kila gari lilipoenda mbali ilishindwa. Hapakuwa na mkono wa mtu ila wake.

Uso ulimwaka mpaka masikioni, na hapakuwa na mtu wa kumwona ila Mungu. Alichukua udhu kwa maji machache yaliyosalia. Alisali, na hadi leo hakumbuki alisali rakaa ngapi.

Sasa, mtu angesema: hapo hapo Hadi akarudi Changamwe akaungama. Ningependa kusema hivyo. Hadi alitoa kisu, akakwangua rangi ya tajiri mpaka bati likang'aa, akakaza eriali, akavitia vipande vya ngozi mfukoni. Redio ikasema mpaka Mariakani. Ilizama penye kilima, ikarudi. Mwarandu alipouliza kilikuwa kitu gani, alijibu kwamba ni kutu.

Barazani Yeslam alimsifu kuliko siku zote. Alisema yule mtu aliharibu lakini Hadi ameponya, na akaagiza kahawa. Hadi akainywa. Anasema hajapata kunywa kitu kichungu kama kahawa ile, na bado alipoongezwa kikombe cha pili alikipokea, kwa sababu aliona kukataa kungewafanya wamtazame. Hivyo ndivyo aibu inavyomfanya mtu: ilimjia, naye akaistahi kama mgeni.

Alianza kupita njia za nyuma ili asikutane na watu wa Chaani. Lile jina likirushwa barabarani alishtuka kama aliyeitwa yeye. Mwisho akafunga saumu siku tatu mfululizo, akamwambia mkewe Kuluthum ni sunna tu. Kuluthum alimpikia futari siku mbili bila neno. Siku ya tatu, alipokuwa akifua, alikuta vile vipande vya ngozi mfukoni mwa kanzu. Akavitambua. Alikuwa amemwona akivikata. Baada ya magharibi akaviweka kando ya sahani ya uji.

Hadi akamweleza yote, macho yakiwa kwenye uji. Alimaliza kwa kusema kwamba amekwisha kutoa kafara ya kiapo, siku tatu zimetimia.

"Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi," alisema Kuluthum. "Afungaye ni asiyekuwa na cha kulisha. Wewe umekosa unga, au umekosa uso?"

Jibu lilikuwa wazi. Kulisha watu kumi kungeulizwa ni kafara ya nini. Saumu haiulizwi. Alikuwa amejaribu kumlipa Mungu kisirisiri ili asimlipe Erastus hadharani, na mkewe alikuwa amelisoma hilo kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Kuluthum akaongeza jambo moja tu kwa sauti ya chini. "Na yule mwanamume anabeba saruji."

Jumapili alasiri Hadi alikwenda Chaani. Alivaa kanzu ya kawaida, si ile safi. Jael alimfungulia, akamkaribisha vizuri, akamtolea kiti, bila kujua ni nani, na ule ukarimu ulimuumiza Hadi kuliko matusi. Erastus alitoka chumba cha ndani akitembea kama mzee, mkono kiunoni. Hadi akaviweka vipande vya ngozi mezani, akaeleza, hakuficha kitu, hata ule uongo wa kutu aliomwambia Mwarandu.

Erastus aliigeuza ngozi vidoleni kwa muda mrefu. "Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia," Hadi akajibu. Akasema kesho atakwenda kwa Yeslam faraghani kumwombea kazi yake.

Erastus akaitazama nyumba, akamtazama mkewe. "Ile siku walikuwa watu watano, mzee, na wewe wa sita," alisema. "Leo hapa ni mimi na wewe na Jael. Kazi tutaona. Mimi nataka hao watano."

Jumatatu baada ya alasiri walikuwapo wote watano, maana wazee wa baraza hawana pa kwenda. Hadi alikuja na Erastus. Hakukaa. Yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga alianza mara mbili na kusita mara mbili. Halafu akaviweka vile vipande vya ngozi pembeni mwa vikombe vya kahawa, palepale ufunguo ulipowekwa.

"Niliapa hapa, na kiapo changu kilikuwa batili," alisema. "Kosa ni la mikono yangu. Huyu alisema kweli nikamcheka, nanyi mkacheka kwa sababu yangu. Lile jina nililompa halikuwa lake. Ni langu. Niiteni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyemwita Erastus mgongoni siku ile alianza kuzihesabu tasbihi zake upya. Yeslam alikuwa mweupe wa uso, kwa maana yeye ndiye aliyenyosha kiganja, na sehemu ya aibu ya Hadi ilikuwa imemfikia yeye pia. Akamwomba Erastus radhi kwa sauti ya kusikika. Kisha akamwita Mwarandu, akamtaka ufunguo.

Mwarandu alikuja akiutoa mfukoni, haelewi. Erastus akauliza, "Huyu naye ako na kosa gani?"

Yeslam akasema hana kosa, ila mahali hapa ni pa mwenyewe.

"Basi asiutoe," Erastus akasema. "Mimi nilitolewa bila kosa. Sitaki."

Jioni ileile Yeslam alimwandikia barua ya sifa na kuitia sahihi, na wazee wote wanne wakatia zao chini yake. Kwa barua hiyo, kabla mwezi haujaisha, Erastus alipata kuendesha lori la mchanga. Ijumaa iliyofuata Hadi alilisha maskini kumi mlangoni kwake mchana, na kila aliyeuliza ni kafara ya nini, alimjibu.

Na Changamwe, ambayo haijapata kukataa jina zuri, ililipokea lile jina mahali pake papya. Lilianza kwa kunong'ona, likaenda likizoeleka, sasa limeandikwa hata juu ya bahasha zinazomjia. Wateja hawakumkimbia. Tena magari yanayokuja kwake hukwanguliwa rangi bila huruma, na mwenye kulalamika huonyeshwa vipande viwili vya ngozi vilivyopigiliwa msumari juu ya meza. Hadi hasemi tena sauti itazama wapi wala itarudi lini. Akiulizwa, hujibu kwamba kwanza ataitazama mwenyewe mchana.

Amezoea, husema. Muuza kahawa akimwita Mwagilia huitika, Yeslam akimwita kwa utani huitika. Ni mtu mmoja tu katika Changamwe yote ambaye hajapata kulitamka. Mara moja moja lori la mchanga husimama mbele ya kibanda, Erastus hushuka na redio yake ndogo ya betri chini ya kwapa, huiweka mezani kando ya zile ngozi bila kuzitazama, na kusema, "Shikamoo, Mzee Hadi." Na hapo ndipo Hadi huinama kutafuta bisibisi, huitafuta kwa muda, ingawa iko mkononi mwake.